Mgonjwa Amebadilika Kitini: Kutafuta Chanzo kwa Dalili Katika Kliniki ya Meno

Kliniki nyingi za meno kuanzia Nakuru hadi Busia zina daktari mmoja, msaidizi mmoja na mtu wa mapokezi. Mgonjwa akibadilika kitini, hakuna mtaalamu mwingine wa kuitwa kutoka chumba cha pili. Ndiyo maana tumepanga mwongozo huu kwa dalili: unachokiona kwanza ni jasho, uvimbe au damu, na jina la ugonjwa huja baadaye.

Matatizo mengi ya kitini huanza alfajiri, mgonjwa akiwa bado nyumbani. Ameacha dawa ya presha akihofia itagongana na sindano ya ganzi. Amejidunga insulini kisha akaondoka bila kula. Ametoka Ugunja au Bondo na matatu ya kwanza, na hadi saa nne hajaonja hata uji. Fomu ya mapokezi inayouliza tu "Una ugonjwa wowote?" haiyapati haya. Uliza hivi: Umekula nini leo, na saa ngapi? Ni dawa gani unazokunywa kila siku, na ya leo umeinywa? Umewahi kulazwa au kuongezewa damu? Maswali ya dawa yaulizwe ndani, mlango umefungwa, si mbele ya benchi la wanaosubiri. Mtu anayetumia ARV hataitaja dawa yake huku jirani yake wa kijijini akisikiliza. Anayepiga simu kuweka miadi aambiwe abebe pakiti zenyewe za dawa, kwa sababu "ile tembe nyeupe" haisaidii mtu.

Dalili yoyote itakayojitokeza, anza hivi: acha kazi, toa kila kitu kinywani (shashi, pamba, kifyonza mate), muite kwa jina na utazame kifua chake. Haitiki na hapumui sawasawa? Laza kiti kabisa, sukuma kigoda chini ya egemeo la mgongo ili lisidunde, na uanze kukandamiza kifua: mara 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Msaidizi apige simu na kuleta oksijeni. Kama anaitika au anapumua, una nafasi ya kutafuta chanzo.

Amelegea, anatoka jasho, anasema kizunguzungu

Shika kifundo cha mkono uhesabu mapigo kabla ya jambo lingine. Mapigo ya polepole, uso uliopauka na jasho la baridi, muda mfupi baada ya kuona sindano au kudungwa, ni kuzirai kwa hofu. Laza kiti, inua miguu juu ya usawa wa moyo na ulegeze kola. Anatakiwa kuzinduka ndani ya dakika mbili. Asipozinduka, si kuzirai tu. Anza kutafuta upya. Kosa la kawaida hapa ni kumwacha ameketi wima huku akipepewa na kumwagiwa maji usoni. Damu haipandi kichwani, na anaweza hata kutetemeka kama mwenye kifafa.

Mapigo ya kasi, mikono inatetemeka, anajibu ovyo au anakuwa mkali bila sababu: pima sukari. Chini ya 4 mmol/L, mpe gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka, yaani vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Hakikisha si soda isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15 na urudie kama bado iko chini. Ikipanda, mpe chakula chenye wanga, mkate au viazi, kwa sababu sukari ya soda haikai. Asiyeweza kumeza asimiminiwe chochote kinywani. Mdunge glukagoni miligramu 1 kwenye msuli, au kama una njia ya mshipa, dekstrosi ya asilimia 50 mililita 50 polepole kwenye mshipa mkubwa. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Kama glukomita (kipima sukari) haipo au imegoma na mgonjwa wa kisukari yuko katika hali hii, mtibu kama mwenye sukari ya chini. Sukari kidogo kwa mtu ambaye yake iko juu haitamdhuru kwa nusu saa hiyo, lakini kuchelewa kwa mwenye sukari ya chini kunaua ubongo.

Kisha uliza anatumia dawa gani ya kisukari. Metformini pekee ni nadra kuishusha sukari hivi. Glibenklamaidi huishusha, na inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa, mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Huyu haruhusiwi kupanda boda peke yake eti kwa sababu amechangamka baada ya soda. Apelekwe hospitali akaangaliwe. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa za presha na moyo, huenda asiwe na mapigo ya kasi wala kutetemeka. Jasho ndilo hubaki kukuonya.

Kizunguzungu kinachomshika anapoinuka baada ya kulala muda mrefu ni presha iliyoshuka kwa kusimama ghafla, hasa kwa mzee anayetumia dawa za presha au za tezi dume. Inua kiti kwa hatua na umwache aketi dakika mbili kabla ya kushuka. Mjamzito wa miezi ya mwisho akilazwa chali, mtoto hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Mgeuze ubavu wa kushoto, na safari ijayo weka mto chini ya nyonga ya kulia tangu mwanzo.

Moyo unamwenda mbio mara tu baada ya ganzi

Mara nyingi ni adrenalini iliyomo ndani ya ganzi, ama imeingia kwenye mshipa wa damu, ama mgonjwa anaisikia kuliko wengine. Huisha ndani ya dakika chache akiketi na kutulia. Vuta bomba nyuma kabla ya kusukuma dawa, na usukume katriji (kichupa cha ganzi) moja kwa dakika nzima. Hesabu ya mgonjwa wa moyo ni hii: adrenalini isizidi mikrogramu 40. Katriji ya mililita 2.2 yenye adrenalini 1:80,000 ina mikrogramu 27.5, kwa hiyo moja na nusu imepita mpaka kidogo. Usikimbilie ganzi isiyo na adrenalini kwa kila mwenye presha. Ikiisha katikati ya kung'oa, maumivu yatamwaga adrenalini ya mwili wenyewe, na hiyo hupimi.

Akilalamika midomo inakufa ganzi pande zote, masikio yanavuma, kuna ladha ya chuma, kisha misuli ya uso inacheza, hiyo ni sumu ya ganzi yenyewe. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu katriji ni ileile na mwili ni mdogo. Kwa lignokaini, kadiria miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 anafikia miligramu 66, na katriji ya mililita 2.2 ya asilimia 2 ina 44. Katriji moja na nusu basi, hata kama meno ya kung'oa ni manne pande zote za kinywa. Mpime kwa mizani. Umri haukuambii kilo. Dalili zikianza, acha kudunga, mpe oksijeni, zuia asianguke na umpeleke hospitali. Tiba ya mafuta ya mshipani ya asilimia 20 iko huko.

Upande mmoja wa uso ukilegea baada ya sindano ya taya la chini, watu hushtuka wakidhani ni kiharusi. Mwambie akunje paji la uso na afumbe jicho. Akishindwa vyote viwili upande huo, na mikono yake yote ina nguvu sawa na hotuba iko wazi, ganzi imeingia kwenye tezi ya mate na kushika mshipa wa fahamu wa uso. Funika jicho lisikauke. Itaisha kwa saa chache. Kama paji linakunjika vizuri lakini mdomo umepinda na mkono umelegea, hicho ni kiharusi. Andika saa kilipoanza na umwondoe mara moja.

Uso au shingo vinavimba

Hapa ndipo chanzo kikikosewa, mgonjwa anapotea kwa dakika.

Mzio mkali huja na zaidi ya uvimbe: mwasho, vipele vya mabaka, kukohoa au kifua kubana, sauti kukwaruza, presha kushuka. Mara nyingi chanzo ni amoksilini aliyopewa muda mfupi uliopita, dawa ya maumivu au glavu za mpira. Dunga adrenalini 1:1000, mililita 0.5, kwenye msuli wa nje wa paja, hata juu ya suruali. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ni mililita 0.3, chini ya miaka 6 ni 0.15. Rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mlaze na miguu juu, ila kama pumzi inamshinda mwache aketi. Usimsimamishe, kwani kusimama ghafla kumewaua watu katika hali hii. Oksijeni lita 15 kwa dakika. Dawa za mzio na haidrokotisoni si za kuanzia. Wapo wanaopoteza dakika kumi wakitafuta Piriton. Na kama umewaza kutumia katriji za ganzi mahali pa adrenalini, fanya hesabu: ungehitaji mililita 40 kupata dozi moja.

Midomo na ulimi vikivimba bila mwasho wala vipele kwa mtu anayetumia enalapril (dawa ya presha) au dawa za jamii yake, dawa hiyo ndiyo ya kushukiwa, hata kama ameitumia miaka. Adrenalini huenda isisaidie. Mpe kama njia ya hewa inazibika, lakini safari ya hospitali isingoje matokeo.

Uvimbe wa ghafla wakati wa kukata mfupa kwa tabini ya hewa (keekee ya meno), ambao ukiugusa unapasukapasuka chini ya kidole, ni hewa iliyoingia chini ya ngozi. Zima tabini, mpe antibiotiki, mkataze kupenga kamasi na umwangalie. Ukishuka shingoni, au sauti ikibadilika, au kifua kikiuma, apelekwe. Shavu linalojaa ndani ya dakika baada ya sindano ya nyuma ya gego la juu ni damu iliyovuja: kandamiza, weka barafu, mweleze kwamba rangi ya samawati itashuka polepole kwa siku kadhaa.

Na yule anayeingia akiwa tayari amevimba chini ya kidevu pande zote mbili, sakafu ya kinywa imeinua ulimi, mate yanamtiririka na hawezi kulala chali: usimlaze, usimng'oe, usimpe tembe ukamwambia arudi kesho. Huyo ni wa hospitali ya rufaa sasa hivi, akiwa ameketi.

Damu haikomi

Uliza ilianza lini. Ndani ya saa chache, mara nyingi adrenalini ya ganzi imeisha na mishipa imefunguka, au amesukutua, ametema mate kila dakika, amekunywa chai ya moto. Au shashi haikukandamiza kitu. Hili la mwisho tunaliona sana kwa wazee: hawana jino la upande wa pili, kwa hiyo shashi inaelea tu kinywani. Ikunje iwe nene, ilowanishe, na kama hakuna jino la kuiuma, ishikwe kwa kidole. Dakika 20 kwa saa ya ukutani, bila kuchungulia.

Ikiendelea, safisha bonge la damu, leta mwanga na kifyonza, na uone inatoka wapi. Ikitoka kwenye ufizi, shona kwa uzi wa 3/0, mshono wa umbo la nane. Ikitoka ndani ya mfupa, jaza selulosi ya kugandisha damu kisha ushone juu yake. Ponda tembe ya asidi ya traneksamiki miligramu 500 kwenye mililita 10 za maji, lowesha shashi, aume tena. Pima presha, ikiwa 190 kwa 115, ndiyo inayokushinda. Mizunguko miwili ikishindikana, au mapigo yakipita 110 na uso ukipauka, usingoje wa tatu.

Damu inayoanza siku ya tatu na kuendelea huwa ni maambukizi, isipokuwa kwa mtu wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwake, tazama kwanza karatasi ya dawa uliyoandika mwenyewe. Metronidazoli, septrini, erithromaisini na flukonazoli zote huongeza nguvu ya warfarini; hata jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni. Kabla ya kung'oa, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) iwe chini ya 4 na imepimwa ndani ya saa 24, au saa 72 kama huwa haiyumbi. Iliyopimwa mwezi jana kliniki ya moyo haikusaidii leo. Usimwachishe warfarini mwenyewe. Vali bandia ya moyo ikiganda damu, utakuwa umebadilisha kidonda cha ufizi na kiharusi.

Wenye vali bandia, na waliowahi kuugua maambukizi ya vali, hupewa amoksilini gramu 2 dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa. Penisilini ikimkataa, mpe azithromaisini miligramu 500. Klindamaisini iliondolewa kwenye mapendekezo ya Marekani mwaka 2021. Anayedungwa penisilini kila mwezi kwa ajili ya moyo naye apewe dawa ya jamii nyingine siku hiyo. Akirudi wiki mbili baadaye na homa isiyoisha na uchovu, usimwandikie antibiotiki. Tembe chache zinaweza kuficha vijidudu kabla damu haijapandwa maabara ili vioteshwe na kutambuliwa. Mpeleke.

Taya linauma, meno ni mazima

Kanda ya ziwa ina watoto wengi wenye selimundu (sickle cell), na baadhi yao hung'olewa meno yasiyo na kosa. Chembe za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo ndani ya mfupa wa taya au ndani ya jino, na maumivu hufanana kabisa na ya jino bovu. Kabla ya kushika koleo, gonga jino, lijaribu kwa baridi, piga picha. Hakuna tundu, hakuna usaha kwenye mzizi, jino linaitikia baridi kama jirani yake, na maumivu yanahama au yako pia miguuni na mgongoni: hiyo ni selimundu. Kidevu au mdomo wa chini kufa ganzi bila sindano kunaielekeza huko vilevile.

Mpe maji anywe, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, mfunike. Dawa ya familia ya ibuprofeni itumike kwa tahadhari, figo zao huumia mapema. Homa, kifua kuuma, kuhema haraka au oksijeni kushuka ni rufaa ya siku hiyo hiyo, na ataje mapokezi kwamba ana selimundu ili asikae foleni.

Akiwa na jino bovu kweli, litibu. Maambukizi yenyewe huchochea shambulio. Miadi iwe fupi, asubuhi, akiwa amekula na kunywa maji njiani. Safari ya joto kutoka Ahero ndani ya matatu iliyojaa inamkausha mtoto kabla hajakufikia. Usimketishe chini ya feni au kiyoyozi. Ganzi yenye adrenalini inaruhusiwa. Asilazwe kwa dawa za usingizi kliniki.

Kifua

Maumivu ya katikati ya kifua yanayopanda taya au mkono: mketishe, mnyunyizie GTN (dawa ya kupanua mishipa ya damu) mikrogramu 400 chini ya ulimi, isipokuwa presha ya juu iko chini ya 90 au ametumia sildenafili (Viagra) ndani ya saa 24. Asipopata nafuu kwa dakika chache, atafune aspirini miligramu 300 na aondoke kwa ambulensi.

Pumu: salbutamoli pafu 4 hadi 10, moja moja, kupitia spesa, chombo cha kushika dawa kati ya inhela na mdomo. Ukikosa spesa, toboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500, chomeka inhela, mgonjwa avute mdomoni mwa chupa. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja aende hospitali hata akipata nafuu. Na uliza kabla ya kumwandikia diklofenaki: wapo wenye pumu ambao dawa hizo huwafunga kifua.

Degedege

Ondoa vifaa, shusha kiti, usiweke kitu kati ya meno, anza kuhesabu dakika. Ikipita dakika 5, midazolamu miligramu 10 ndani ya shavu kwa mtu mzima. Pima sukari kila mara.

Kilichoharibika baada ya yeye kwenda nyumbani

Kabamazepini unayoandika kwa maumivu ya mshipa wa fahamu wa uso hupunguza dolutegravir, dawa ya ARV, mwilini, na virusi vinaweza kurudi. Diklofenaki ya wiki nzima juu ya tenofovir, ARV nyingine, inaelemea figo. Wasiliana na kliniki yake ya ARV kabla ya kuandika.

Vifaa vinavyodanganya

Presha ya 180 kwa 110 au zaidi inaahirisha kazi isiyo ya dharura, lakini kwanza hakikisha ni ya kweli. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na kibofu kilichojaa pia. Rudia baada ya dakika 10 za utulivu. Glukomita husoma juu kwa kidole kilichoshika embe. Aoshe mikono kwa maji. Rangi ya kucha na hina huvuruga kipimo cha oksijeni.

Kisumu kuna joto. Adrenalini iliyokaa kwenye rafu ya dirishani huchakaa kabla ya tarehe yake, na ikigeuka kahawia itupwe. Weka pamoja nayo sirinji ya mililita 1 au 2 na sindano ya milimita 25. Sindano ya insulini haifiki msulini.

Mtungi wa oksijeni wa lita 340 ukifunguliwa lita 15 kwa dakika unaisha kwa dakika 22 hivi. Linganisha na muda halisi wa kufika Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu) au PGH, hospitali ya rufaa ya Nakuru, wakati wa msongamano, ndipo ujue unahitaji mitungi mingapi. Ukivuma kwenye shingo, kiziba cha mpira kati ya vali na regulata kimekauka au hakipo. Nunua viwili vya akiba. Mshale ukisoma sifuri kwenye mtungi mpya, vali haijafunguliwa. Kila Jumatatu msaidizi aufungue, asikie hewa ikitoka kwenye barakoa, aufunge na kuandika kipimo. Ufunguo ufungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe, si kwenye droo ya ofisi inayofungwa daktari akienda chakula cha mchana.